Mavyaa hataki paka wake aguswe, nami vifaranga wangu wa bata wanakwisha

Shangazi, assalaam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni, Lamu, katika nyumba ya mavyaa wangu. Mume wangu ni baharia, huja nyumbani siku nne au tano kwa mwezi, kwa hiyo nyumba tunaishika wanawake wawili. Naandika usiku huu watu wamelala, na kila nikiandika mistari miwili nanyamaza nisikilize kiwandani, uani kama wasemavyo kwingine.

Mwaka huu nilianza kufuga bata. Nilitaka pesa yangu, hata iwe ndogo, ya kununulia watoto madaftari bila kungoja mtu arudi kutoka baharini. Binamu yangu anayeishi Hindi, kule bara baada ya Mokowe, alinipa mayai 10 ya bata hawa wetu wenye nyama nyekundu usoni. Nikamwekea kuku wangu mwekundu. Mayai ya kuku ni siku 21, haya ni 35, na kuku yule akakaa wiki tano nzima. Alikuwa akishuka mara moja kwa siku kula na kunywa, halafu anarudi mbio. Nikimshika kifua nilihisi mfupa mtupu. Wakatoka tisa. Mwanangu wa kiume, wa miaka tisa, siku hiyo alilala sakafuni tangu alfajiri, sikio kwenye tenga, akinihesabia sauti zilizokuwa ndani ya maganda.

Sasa wamebaki watatu.

Wawili wa mwanzo walikufa wiki ya kwanza. Niliweka beseni la maji kiwandani kwa kuwa bata ni mtu wa maji. Ilikuwa masika, kumenyesha manyunyu, na waliogelea vizuri tukawafurahia. Baada ya Alasiri nikawakuta wawili wamelala kando ya beseni, wamelowa chapachapa, shingo zimenyooka. Paka wa mavyaa, jina lake Marjani, amekaa kwenye ngazi anajilamba mguu. Jeraha sikuliona, lakini nilijua ni yeye tu, kama hakuwauma basi aliwatisha wakafa.

Wa tatu alichukuliwa na kunguru mchana kweupe, mwanangu akitazama. Kunguru alishuka ukutani, akamdaka, akapanda naye.

Baada ya hapo nikawatia kwenye sanduku la mbao lililofunikwa waya wa kuku, nikaliweka pembeni karibu na mchirizi wa maji. Mara mbili nimeamka asubuhi nikakuta mmoja hayupo. Hakuna damu wala unyoya. Mara ya tatu nilimkuta mmoja mzima lakini mguu umetoka nje ya waya, umetafunwa. Mwanangu alimfunga kanga yangu akampakata mpaka akafa kabla ya Adhuhuri. Na asubuhi hiyo Marjani alikuwa amekaa mbele ya sanduku, hapepesi macho.

Nikamwambia mavyaa kwa upole kwamba paka huyu ananimalizia riziki. Akanijibu: "Paka hana kosa, mwanangu. Nyumba hini haijakaa bila paka. Na yule mwanamke wa hadithi ya Mtume, aliyemfunga paka asimlishe akaingia motoni, kisa chake wakijua." Kisha akaongeza: "Bata ndio wageni hapa." Shangazi, neno hilo halijanitoka. Miaka 11 niko nyumba hii, nikahisi mgeni anayesemwa ni mimi.

Marjani alikuja miaka minne iliyopita, mavyaa akiwa kwenye eda ya baba mkwe wangu. Humlisha samaki kutoka kwenye sahani yake mwenyewe.

Shemeji yangu aliposikia aliniletea kipakiti cha sumu kutoka sokoni. "Kitwa cha samaki na chembe kidogo, mambo yamekwisha. Mama atadhani amekula panya mwenye sumu." Kipakiti kipo juu ya kabati langu, siku ya kumi leo. Sijakitumia na sijamrudishia.

Mume wangu kwenye simu ameniambia niache bata, nisigombane na mamake kwa ajili ya ndege. Hawa watatu waliobaki nalala nao chumbani ndani ya katoni. Nawapa wali na makombo ya mkate. Mmoja ameanza kuchechemea.

Nimwambie mavyaa achague, paka au mimi na kazi yangu? Niwatoe bata? Au nifanye lile ambalo siwezi hata kuliandika? Niambie, Shangazi.

Mwenye Watatu, Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwa yule mtoto na kanga. Pole sana. Anayesema ni ndege tu hajakaa wiki tano akimwekea kuku maji, wala hajamwona mwanawe akipakata kiumbe kinachokufa. Huzuni yako ina sababu na hasira yako ina sababu. Nianze na kile kipakiti, kwa sababu mengine yanaweza kungoja asubuhi na hicho hakingoji.

Kimekaa siku kumi kabatini bila kuguswa. Mimi hapo nasikia mkono wako unakataa, na ningependa nawe uusikie. Sumu za sokoni zisizo na maandishi hakuna ajuaye ndani mna nini. Nyingi za panya huzuia damu kuganda, mnyama akavuja ndani kwa ndani siku kadhaa kabla ya kufa, na mavyaa wako angekaa naye siku zote hizo akimpangusa mdomo. Tena kichwa cha samaki hakikai ulipokiweka. Lamu paka hupita dari kwa dari, na mitaa yenu ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Kinaweza kuliwa na paka wa jirani au kuburutwa hadi pale watoto wako wanapochezea. Bata wenyewe hudonoa kila wanachokikuta. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kumlisha mnyama sumu kwa makusudi kumo ndani yake. Lakini mimi nafikiria zaidi baadaye: wewe na mama huyu mtakula sahani moja miaka mingine mingi, nawe utakuwa na jambo usiloweza kumwambia. Usiku huu kifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Usikimwage mchirizini. Muulize afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yenu namna ya kukiteketeza.

Sasa tuhesabu pamoja. Umeniambia Marjani anakumalizia vifaranga. Umepoteza sita. Nataka tumtazame mmoja mmoja, kwa sababu ulivyoandika kwa uangalifu umenipa majibu ambayo labda hukukusudia kunipa.

Wale wawili wa beseni hawakuwa na jeraha. Kifaranga wa bata huvaa manyoya laini tu, hana bado manyoya ya kweli. Akifuatana na bata mama, mama humpeleka majini kidogo kisha humrudisha kifuani akamkausha. Kuku wako, pamoja na subira yake yote, hajui kazi hiyo, na pengine alisimama kando ya beseni akilia. Kifaranga aliyekosa malezi ya bata hulowa haraka, hupata baridi na hufa, hata katika joto letu la pwani, seuze siku ya manyunyu. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki unapunguza kidogo. Maji ya kunywa anayahitaji, na yawe na kina cha kuchovya mdomo mpaka puani ili ajisafishe, kwenye kisahani chenye mawe ndani ili asiweze kuingia mzima. Kuogelea kungoje. Hukujua, mwanangu, na wengi hawajui. Jina lenyewe la bata linatudanganya. Naomba tu usimbebeshe paka vifo hivi kwa kuwa alikuwa kwenye ngazi akijilamba. Paka hujilamba mchana kutwa.

Wa tatu ni kunguru, mna shahidi. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, walifika Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na wameenea pwani yetu. Ni werevu mno, ukitundika kitambaa cha kuwatisha hukizoea baada ya siku chache. Dawa yake ni kufunika juu, basi. Kipande cha juya kuukuu chenye matundu madogo kitatosha, na wavuvi hawakosi cha kukupa.

Wanabaki watatu wa usiku. Wawili walipotea bila damu wala unyoya, na sanduku liko kando ya mchirizi. Hapo mimi nikaweka barua chini nikafikiri. Panya mkubwa humburuta kifaranga mzima hadi shimoni mwake, asiache hata alama, na njia yake mjini ni hiyo hiyo michirizi. Huyu wa mguu angeweza kuwa wa paka aliyeingiza kucha akamvuta, au wa panya aliyemtafuna kwa nje. Tundu la waya wa kuku linapitisha vidole viwili vya mtoto, kwa hiyo linapitisha mguu wa paka na linampitisha panya mdogo mzima. Waya ule umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mwingine asiingie. Na Marjani mbele ya sanduku, hapepesi macho, alikuwa akimngoja kifaranga, au alikuwa akimngoja yule aliyekuja kumtafuna? Sijui, na hapo simtoi hatiani wala simfungi. Kifaranga wa wiki moja ni kitoweo kwa paka yeyote, hilo tusifichane. Ninachokuomba ufikirie ni hiki: ikiwa mwizi wa usiku ni panya, basi siku paka atakapoondoka ndiyo siku panya watakapofanya karamu.

Kabla sijafika kwa mavyaa, yule anayechechemea, maana huyo ana haraka. Wali na mkate humjaza tumbo bila kumjenga. Vifaranga wa bata huhitaji vitamini ya niasini kwa wingi kuliko wa kuku, na wakiikosa miguu hulegea na kupinda. Mtafutie chakula cha vifaranga cha dukani kisichotiwa dawa, umchanganyie dagaa waliosagwa ambao hawakukaushwa kwa chumvi, na njegere zilizochemshwa na kupondwa. Vitamini B ya kuku ya kutia majini hupatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Angalia na maji unayowapa. Visima vingine vya mjini vina chumvi, na chumvi huwaumiza vifaranga kabla hata hujaona kitu. Wape maji mnayokunywa ninyi. Ukimshughulikia wiki hii, mguu unaweza kunyooka.

Tuje kwa mama.

Umesema aliposema "bata ndio wageni hapa" ulihisi ni wewe. Inawezekana. Mavyaa wengine hutupa jiwe kupitia kwa ndege, na miaka 11 ni mingi ya kungoja kuhesabiwa mtu wa nyumba. Mwenye kujua sauti aliyoitumia ni wewe, si mimi. Lakini umeandika sentensi moja fupi ukaipita haraka: paka alikuja mama akiwa eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke amekaa ndani, mumewe hayupo tena, wageni wanakuja na kuondoka, na usiku ukifika kinabaki chumba. Akaingia kiumbe, akalala miguuni pake. Ulipomwambia Marjani anakumalizia riziki, huenda alisikia unamwambia amtoe aliyemfariji. Huenda alijibu kwa woga, na woga wa wazee mara nyingi hutoka ukiwa umevaa ukali.

Na lipo la pili, ambalo naliuliza kwa mapenzi. Mimi umeniambia habari ya madaftari na ya kutaka shilingi yako mwenyewe. Yeye umemwambia? Katika barua nzima sikuona mahali ulipokaa naye ukamweleza bata hawa ni nini kwako. Huenda yeye anaona ndege wanaochafua kiwanda chake. Huenda hata mume wako anaona hivyo hivyo, ndiyo maana alikuambia uache. Wewe unaona uhuru kidogo. Hamwoni kitu kimoja.

Kumwambia achague unaweza. Ila ukimtaka mtu achague ndani ya nyumba yake mwenyewe, jiulize kwanza utafanya nini akichagua paka. Neno hilo likishatoka, bata wakifa wote au wakipona wote, litabaki kati yenu.

Unaweza kumwomba jambo dogo zaidi: usiku Marjani alale chumbani kwake, mlango umefungwa, na beseni dogo la mchanga pembeni la kujisaidia. Kisa alichokutajia ni cha kweli na ni cha kuogopwa, lakini mwanamke yule alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Paka aliyeshiba, mwenye maji, aliyelala kitandani kwa bibi yake, sioni anafananaje na huyo. Kama moyo wake una shaka amuulize shekhe anayemwamini, naye akuletee jibu mwenyewe. Hasara ya njia hii umeshaiona: usiku kiwanda kitabaki kwa panya.

Kwa hiyo sanduku. Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu lolote utakaloamua juu ya paka, sanduku lile halifai. Lamu haikosi seremala. Akufanyie la kusimama kwa miguu ya boriti, lisiguse sakafu, mbali na mchirizi, pande zote na chini pia wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, uliopigiliwa kwa vipande vya mbao juu yake, maana misumari mitupu hung'olewa. Mlango uwe na komeo mbili. Ndani weka ubao na nyasi kavu ili nyayo zao zisikae juu ya chuma, na upande mmoja uwe na kivuli na upepo. Ukitaka kuwapa joto kwa taa, iwe mbali na makuti na nyasi, na jiko la makaa lisiingie chumba kilichofungwa hata mara moja. Utawajua kwa mkao wao: wakirundikana wanaona baridi, wakihema na kukimbilia pembeni wamezidiwa joto. Sanduku hili ni la pesa, najua, na pesa ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Kwa vifaranga watatu huenda halilipi. Kwa mayai kumi yajayo huenda likalipa, na hesabu hiyo ni yako.

Kuwapeleka kwa binamu yako Hindi nako ni njia, na nyumba itatulia kesho. Lakini usidhani bara ni salama. Huko kuna nguchiro, kanu, kenge na mwewe, na chatu mara nyingine, tena mwanao hatakuwepo kuwatazama wakikua. Au uwalee hawa watatu tu kimyakimya mpaka wavae manyoya kamili, miezi mitatu hivi, bila kuongeza wengine. Dume la aina hii likikomaa hupita kilo 4, na paka humpisha njia. Biashara itachelewa, nawe utakuwa umejifunza kwa watatu badala ya kwa tisa. Hilo la mwisho kwangu lina ladha, lakini mimi si ninayesubiri madaftari.

Lipo jambo moja unaloweza kulifanya leo, halihitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Bata waache chumbani kwako. Lile sanduku tupu lirudishe palepale kando ya mchirizi na nyasi zao ndani, zenye harufu yao, na makombo kidogo. Kisha nyunyiza unga mwembamba sakafuni kulizunguka, kama unavyonyunyiza ubao kabla ya kusukuma chapati. Wayo wa paka ni duara, hauonyeshi kucha. Wa panya ni mdogo, vidole vimetawanyika, na mara nyingine mkia huacha mstari katikati. Mwamshe mwanao Alfajiri mkatazame wote wawili kabla hakujafagiliwa. Amewaona wakifa, mpe na kazi ya kutafuta.

Na mavyaa akitokea na birika la kutawadhia akauliza unga huu wa nini, mwambie.